Tujaribu dhidi ya OpenSSL ipi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaoandika na kutunza programu zinazotegemea OpenSSL (maktaba ya usimbaji fiche na miunganisho salama) huku Nyanda za Juu Kusini: mifumo ya mizani na malipo ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za kahawa Mbozi na kakao Kyela, daftari za SACCOS za Iringa na Njombe, mifumo ya ada za shule. Majibu yanaanzia misingi. Ukija na kosa mkononi na mteja yuko kwenye simu, ruka hadi sehemu ya "Yanayogoma".

## Misingi

1. Kwa nini tusijaribu toleo moja tu, lile lililo kwenye laptop ya mwandishi?

Kwa sababu programu haitaishi kwenye laptop hiyo. Mteja wa Vwawa ana seva ya Ubuntu 22.04 yenye OpenSSL 3.0.2. Wa Makambako ameweka Debian 13, ana 3.5. Ofisi ya tatu bado iko AlmaLinux 8, yenye 1.1.1k. Msimbo ni ule ule, tabia ni tatu.

Tatizo la maktaba ya usimbaji fiche ni kwamba mabadiliko yake makubwa kompaila hayaoni. Algoriti imehamishwa kwenye kapu la "za zamani", urefu wa chini wa ufunguo umepandishwa, muunganisho uliokatika ghafla sasa unahesabiwa kuwa kosa. Programu inakompailiwa bila onyo, inawaka vizuri, halafu inagoma siku ya kwanza ya kusaini malipo ya wakulima.

2. Matoleo ya OpenSSL yamepangwaje?

Tangu 3.0, namba ya kwanza ndiyo toleo kuu, ya pili ni tawi, ya tatu ni viraka tu. Ndani ya toleo kuu moja waandishi wake wanaahidi kutovunja msimbo wala programu iliyokwisha kukompailiwa. Siku hizi matawi mapya hutoka Aprili na Oktoba.

| Tawi | Lilitoka | Mwisho wa huduma |
|---|---|---|
| 1.0.2 | Januari 2015 | 31 Desemba 2019 |
| 1.1.1 | 11 Septemba 2018 | 11 Septemba 2023 |
| 3.0 | 7 Septemba 2021 | 7 Septemba 2026 |
| 3.1 | 14 Machi 2023 | 14 Machi 2025 |
| 3.2 | 23 Novemba 2023 | 23 Novemba 2025 |
| 3.3 | 9 Aprili 2024 | 9 Aprili 2026 |
| 3.4 | 22 Oktoba 2024 | 22 Oktoba 2026 |
| 3.5 | 8 Aprili 2025 | 8 Aprili 2030 |

Matawi ya kawaida hudumu miezi kumi na tatu au zaidi kidogo kwa viraka vya kawaida, kisha viraka vya usalama tu hadi mwisho. Ya muda mrefu katika jedwali hili ni 1.0.2, 1.1.1, 3.0 na 3.5. Tarehe hizi ni za waandishi wa OpenSSL wenyewe. Watunzaji wa Linux wana kalenda yao (tazama swali la 4).

3. Nitajuaje programu yangu inatumia toleo gani hasa?

Usiishie kwenye `openssl version`. Hiyo inakwambia toleo la ile amri, si la programu yako. Kwa programu ya C, tumia `ldd ./programu | grep -E 'ssl|crypto'`. Kwa Python, `python3 -c "import ssl; print(ssl.OPENSSL_VERSION)"`. Kwa Node, `node -p process.versions.openssl`. Kwa PHP, `php -i | grep -i openssl`, na soma mistari miwili: mmoja ni wa maktaba inayotumika sasa, mwingine ni wa faili za `.h` zilizotumika kukompaili. Namba hizo mbili zikitofautiana si kosa, lakini andika zote mbili kwenye ripoti ya hitilafu.

4. Seva yetu inaonyesha 3.0.2 wakati tawi la 3.0 limefika mbali. Ina matundu?

Si lazima. Ubuntu na Red Hat mara nyingi huganda kwenye namba moja na kushonea viraka vya usalama juu yake. Kinachobadilika ni mkia wa jina la kifurushi, ile sehemu ya `-0ubuntu1.` na namba inayofuata. Ona kwa `apt policy libssl3`, au kwa `rpm -q openssl` upande wa AlmaLinux.

Kwa hiyo vifaa vya ukaguzi vinavyosoma namba ya mbele tu hupiga kelele bure. Ila kuna upande wa pili, na huo ndio unaohusu majaribio: viraka vya usalama huletwa, marekebisho ya kasoro za kawaida mara nyingi hayaletwi. 3.0.2 ya Ubuntu bado ina tabia nyingi za 3.0.2. Ukijaribu 3.0 ya mwisho tu ukasema "tumemaliza tawi la 3.0", hujamjaribia mteja wa Vwawa.

## Kuchagua

5. Basi tujaribu matoleo mangapi, na yapi?

Matano au sita yanatosha. Chanzo chake si orodha ya matoleo yote yaliyowahi kutoka. Ni mambo matatu: mashine za wateja wako zina nini, tabia ilibadilika wapi, na mipaka ya chini na ya juu iko wapi. Anayelima viazi Umalila hapandi kila mbegu iliyo kwenye kitabu cha wakala. Anapanda zinazoendana na shamba lake. Jedwali tunalopendekeza kuanzia ni hili:

- AlmaLinux 8, yenye 1.1.1k. Mpaka wa chini. Iweke kama una mteja wake (swali la 7).
- Ubuntu 22.04, yenye 3.0.2. Toleo la mwanzo kabisa la 3.x utakalolikuta kwa wingi kazini.
- Ubuntu 24.04 (3.0.13) au Debian 12. Moja inatosha.
- AlmaLinux 9. Imepanda kutoka 3.0 hadi matawi ya juu katikati ya maisha yake, na ina sera ya SHA-1 (algoriti ya zamani inayotumika kwenye saini) inayovunja mifumo ya malipo (swali la 16).
- Debian 13, yenye 3.5. Mpaka wa juu, na tawi litakaloishi hadi 2030.
- Tawi la maendeleo la OpenSSL, limekompailiwa upya mara moja kwa wiki. Mstari huu uruhusiwe kushindwa bila kuzuia kazi. Ni kengele ya mapema.

Ukilazimika kubaki na miwili tu, chukua 22.04 na Debian 13. Hitilafu nyingi hukaa kwenye ncha. Toleo la kati likivunjika wakati ncha zote mbili ziko salama, mara nyingi ni mipangilio ya mfumo endeshi, si maktaba.

Kabla ya yote, waulize wateja. Ongeza mstari mmoja kwenye ripoti inayotumwa kila usiku, uandike toleo la mfumo endeshi na la OpenSSL. Baada ya mwezi utakuwa na orodha ya kweli badala ya kubahatisha.

6. Na 3.1, 3.3 na 3.4?

Ziruke, isipokuwa kama kuna mteja anayezitumia. Kinachobaki cha kuchunga ni kitendakazi kilichoongezwa 3.2 ambacho hakipo 3.0, na hilo mstari wa Ubuntu 22.04 utalikamata.

7. Tuache lini kujaribu 1.1.1?

Waandishi wake walifunga milango 11 Septemba 2023, lakini Red Hat inaendelea kuitunza ndani ya toleo lake la 8 hadi Mei 2029, na AlmaLinux 8 inafuata njia hiyo. Ubuntu 20.04 nayo ina 1.1.1f, ila huduma yake ya kawaida iliisha 2025.

Kanuni tunayoshauri: iache siku mteja wa mwisho anapohama, au siku gharama ya kuibeba inapozidi mapato yake, ipi itangulie. Gharama hiyo inaonekana. Hesabu sehemu za msimbo zenye "kama ni chini ya 3.0 fanya hivi". Zikifika kumi, umebeba programu mbili. Tangaza kuacha kwenye toleo lako kuu linalofuata, si kwenye kiraka.

8. Mteja ana CentOS 7 na 1.0.2. Tumhudumie?

Mhamishe. Tawi hilo halina TLS 1.3 (TLS ndiyo itifaki ya miunganisho salama), na msimbo wa 1.0.2 hutofautiana na wa baadaye hata kwenye misingi: 1.1.0 ilificha undani wa miundo ya data, hivyo kila kitu kilichokuwa kinaguswa moja kwa moja sasa kinapitia vitendakazi.

9. LibreSSL na BoringSSL nazo ziwe kwenye jedwali?

Zote mbili zilichipuka kutoka OpenSSL mwaka 2014, mwaka wa Heartbleed (tundu kubwa la usalama la OpenSSL), kisha kila moja ikashika njia yake. LibreSSL utaikuta OpenBSD na kwenye amri ya `openssl` ya macOS. Kama mwenzenu anaandikia kwenye Mac, majaribio yake ya amri hayapimi OpenSSL hata kidogo. BoringSSL ni ya Google kwa matumizi yake, na haiahidi uthabiti wa msimbo.

Ikiwa unauza programu inayokaa kwenye seva za Linux, usiziweke. Ukiandika maktaba itakayotumiwa na wengine, ongeza mstari wa LibreSSL na usome swali la 22.

10. Sisi ni wa Python, PHP na Node, C hatuigusi. Yanatuhusu?

Yanawahusu, ila mlango ni mwingine.

Python 3.10 na kuendelea inataka OpenSSL 1.1.1 au mpya zaidi, na urllib3 2.0 vilevile. Mtego wake ni huu: moduli ya `ssl` hutumia OpenSSL ya mfumo, lakini kifurushi cha `cryptography` ukikivuta kwa `pip` kinakuja na OpenSSL yake iliyoshonewa ndani. Programu moja, OpenSSL mbili, na `apt upgrade` inarekebisha moja tu. Ya pili inasasishwa kwa `pip`. Angalia zote kwenye majaribio. Ya `cryptography` inapatikana kwa `backend.openssl_version_text()`.

PHP hutegemea ile ya mfumo. PHP 8.1 ndiyo ya kwanza kukubali OpenSSL 3, kwa hiyo kung'ang'ania PHP 7.4 ni kung'ang'ania 1.1.1 pia.

Node ile rasmi hubeba yake ndani. Ya 16 ina 1.1.1, na 17 kwenda juu ina 3. Ndiyo maana huduma ya Node 16 ilikatishwa 11 Septemba 2023, siku ile ile 1.1.1 ilipofungwa. Kosa la `ERR_OSSL_EVP_UNSUPPORTED` wakati wa kujenga kurasa kwa webpack 4 linatoka hapo: webpack hiyo hutumia algoriti ya MD4, na MD4 imehamishiwa kapu la zamani. Wengi huweka `--openssl-legacy-provider` na kusahau. Panda webpack 5.

## Kujenga jedwali lenyewe

11. Tunapataje matoleo yote kwenye mashine moja?

Kwa kontena, si kwa kubadilisha OpenSSL ya mfumo. Ukiigusa ya mfumo utaua `ssh`, `curl` na `apt` kwa pamoja. Amri ni moja kwa kila mstari wa jedwali:

`docker run --rm -v "$PWD":/kazi -w /kazi debian:13 sh jaribu.sh`

Badilisha `debian:13` kwa `ubuntu:22.04`, `almalinux:9` na kadhalika. Mstari wa kwanza wa `jaribu.sh` uchapishe toleo linalotumika na ulilinganishe na lile linalotarajiwa. Bila hivyo siku moja utagundua mistari mitano yote ilikuwa inajaribu toleo moja.

Kontena zinakupa jambo jingine ambalo kukompaili mwenyewe hakukupi, yaani mipangilio. Debian tangu toleo la 10 na Ubuntu tangu 20.04 hupandisha kiwango cha usalama cha TLS hadi 2. OpenSSL 3.0 uliyoikompaili mwenyewe ina kiwango 1. Namba sawa, majibu tofauti.

12. Na tukitaka kukompaili wenyewe?

Inahitajika kwa tawi la maendeleo, au kuthibitisha kwamba kasoro ni ya OpenSSL na si ya Ubuntu.

`./config --prefix=/opt/ossl/3.5 --libdir=lib`
`make -j4`
`make install_sw install_ssldirs`

Usiache `--libdir=lib`. Tangu 3.0, kwenye Linux ya biti 64 maktaba hujiweka `lib64`, wewe unaelekeza `lib`, na programu inaokota ya mfumo kimyakimya. `install_sw` inaruka kurasa za maelezo, ambazo huchukua muda mrefu bila faida. Usipoweka `install_ssldirs` hutakuwa na `openssl.cnf`. Kwenye AlmaLinux, `config` ikilalamikia `IPC/Cmd.pm`, weka `perl-IPC-Cmd`.

Endesha kwa `LD_LIBRARY_PATH=/opt/ossl/3.5/lib ./programu`, na hakikisha kwa `ldd` kabla ya kuamini jibu.

13. Bando ni dogo na umeme unakatika. Tufanyeje?

Vuta mara moja, tunza. Picha ya `debian:12-slim` ni kama MB 30 ikiwa imebanwa. Ihifadhi kwa `docker save` kwenye diski ya nje, mwenzio wa Mafinga ataipakia kwa `docker load` bila kugusa bando lake. Faili la msimbo wa OpenSSL 3.0 ni takriban MB 15, la 3.5 linazidi MB 50. Weka vifurushi vya `apt` ndani ya picha yako mwenyewe badala ya kuvivuta kila jaribio.

Kama mnatumia GitHub, hazina ya msimbo ya siri kwenye akaunti ya bure ina dakika 2,000 za kuendesha majaribio kwa mwezi. Mistari sita ya dakika nane ni dakika 48 kila msukumo (`push`). Misukumo 41 zimekwisha. Endesha mistari miwili ya ncha kwa kila msukumo, na jedwali zima usiku au kabla ya kutoa toleo.

14. Majaribio yenyewe yapime nini? Kukompaili hakutoshi?

Hakutoshi kabisa. Anza na majibu yanayojulikana. SHA-256 ya herufi `abc` lazima iwe `ba7816bf8f01cfea414140de5dae2223b00361a396177a9cb410ff61f20015ad` kila mahali. HMAC ina mifano yake iliyochapishwa kwenye RFC 4231; inakili.

Kisha pima kuvuka matoleo, na hapa ndipo wengi hawafiki. Saini risiti kwenye 1.1.1, ihakiki kwenye 3.5, kisha kinyume chake. Fungua kila aina ya faili la ufunguo uliyowahi kupokea kutoka kwa mteja: `.pem`, `.pfx`, lenye nywila na lisilo nayo. Tengeneza funguo mpya za majaribio kwa mtindo huo huo wa zamani. Usiweke kamwe ufunguo wa kweli wa mteja kwenye hazina ya msimbo.

Mwisho, pima kushindwa. Cheti kilichoisha muda, saini iliyoharibiwa herufi moja, nywila isiyo sahihi. Programu ikatae katika kila mstari wa jedwali. Usilinganishe maneno ya ujumbe wa kosa, maana hubadilika kila tawi. Linganisha kwamba imekataa.

15. Tukompaili na toleo lipi, tuendeshe na lipi?

Kompaili na la chini kabisa ndani ya toleo kuu, endesha na yote ya juu yake. Ukikompaili kwenye Debian 13 na kupeleka Ubuntu 22.04, unaweza kupata ``version `OPENSSL_3.2.0' not found``. Kinyume chake kinaruhusiwa. Kati ya 1.1.1 na 3.x hakuna njia ya mkato: ni vifurushi viwili.

## Yanayogoma

16. Faili la .pfx la mfumo wa malipo lilifanya kazi miaka yote, sasa halifunguki au halisaini.

Haya ni matatizo mawili yanayofanana kwa nje. Tenganisha kwanza.

La kwanza ni kufungua. Ujumbe una `unsupported` na `RC2-40-CBC`. Mifumo mingi ilitengeneza `.pfx` kwa RC2 ya biti 40, na tangu 3.0 algoriti hiyo iko kwenye kapu la zamani. Nywila yako ni sahihi, usiombe nyingine. Hakikisha kwa:

`openssl pkcs12 -legacy -in malipo.pfx -info -noout`

Ukiona `pbeWithSHA1And40BitRC2-CBC`, ndiyo yenyewe. Libadilishe:

`umask 077`
`openssl pkcs12 -legacy -in malipo.pfx -nodes -out muda.pem`
`openssl pkcs12 -export -in muda.pem -out malipo-mpya.pfx`
`shred -u muda.pem`

`muda.pem` ina ufunguo wa siri ukiwa uchi, ndiyo maana ya mstari wa kwanza na wa mwisho. Faili jipya litatumia AES-256. Tunza la zamani pia, kwani baadhi ya Java na Windows za zamani hazifungui jipya. Kwenye Debian 13 algoriti za zamani ziko kwenye kifurushi chake, `openssl-provider-legacy`. Kontena likiwa limepunguzwa sana na `-legacy` ikagoma, angalia hapo.

La pili ni kusaini. Faili limefunguka, lakini kusaini kunatoa `invalid digest`. Hii ni familia ya Red Hat 9, ambayo sera yake ya kawaida inakataa saini za SHA-1, na mifumo kadhaa ya malipo bado inadai RSA na SHA-1. Ukijaribu Debian na Ubuntu peke yake hutaiona. Dawa sahihi ni upande wa pili kukubali SHA-256. Hadi hapo, `update-crypto-policies --set DEFAULT:SHA1` inafungua, lakini inafungua kwa mashine nzima. Mwambie mteja hivyo kwa maandishi. Kwenye jedwali weka AlmaLinux 9 mara mbili: yenye sera ya kawaida na yenye hii.

17. Tunapata "ee key too small" au "dh key too small".

Upande wa pili una ufunguo wa biti 1024. Kiwango cha usalama 2 kinataka 2048, na tangu 3.2 kiwango hicho ndicho cha kawaida hata bila Debian na Ubuntu kupandisha (swali la 11). Muda mfupi, shusha muunganisho huo mmoja tu kwa `DEFAULT@SECLEVEL=1`, usiguse `openssl.cnf` ya mashine. Kama wako kwenye TLS 1.0 au 1.1, tangu 3.0 itabidi kushuka hadi 0. Ukifika huko, tatizo si lako tena, ni la mkataba.

18. "libssl.so.1.1: cannot open shared object file". Tupakue .deb ya zamani?

Hapana. Itawaka, na utakuwa umeweka maktaba ya usalama isiyopata viraka, ambayo `apt` haitakukumbusha kamwe. Kompaili upya dhidi ya 3.0.

19. "unexpected eof while reading" imeanza baada ya kupanda 3.0.

Upande wa pili unakata muunganisho bila kuaga kwa TLS. 1.1.1 ilikuwa inalivumilia, 3.0 inaliita kosa, na ina haki: mtu wa katikati anaweza kukata jibu nusu. `SSL_OP_IGNORE_UNEXPECTED_EOF` inarudisha uvumilivu. Itumie pale tu programu inapohakikisha urefu wa jibu kwa njia nyingine, mfano kwa `Content-Length`.

20. Debian 13 inaning'inia ikiunganisha, 22.04 inaunganisha mara moja. Mtandao ni ule ule.

3.5 hutanguliza ubadilishanaji wa funguo wa X25519MLKEM768, uliotengenezwa kuhimili kompyuta za kwanta. Sehemu yake ya ML-KEM peke yake ni baiti 1,184, hivyo salamu ya kwanza ya TLS haienei tena kwenye pakiti moja. Ruta au ukuta wa moto wa zamani ukitarajia pakiti moja, unatupa ya pili, na wewe unasubiri. Pima hivi:

`openssl s_client -connect seva:443 -groups X25519`

Ikiunganisha papo hapo, umempata mchawi. Sasisha kifaa hicho. Kama si chako, punguza `Groups` kwenye mipangilio ya muunganisho huo.

21. Nakala rudufu tulizofunga kwa "openssl enc" zinatoa "bad decrypt".

Zilifungwa na 1.0.2 au ya kabla yake. 1.1.0 ilibadilisha njia ya kuzaa ufunguo kutoka MD5 kwenda SHA-256. Ongeza `-md md5` kufungua, kisha zifunge upya kwa `-pbkdf2`.

## Pembeni

22. Tulinganisheje namba za matoleo ndani ya msimbo?

Kamwe si kama maneno: kwa maneno, "3.10" iko chini ya "3.2". Kwa C, `OPENSSL_VERSION_NUMBER >= 0x30000000L` ni sahihi kwa OpenSSL. LibreSSL hujitaja `0x20000000L` daima, kwa hiyo kwenye mlinganisho huonekana mpya kuliko 1.1.1 hata pale isipo na vitendakazi vyake. Angalia `LIBRESSL_VERSION_NUMBER` kwanza. Bora zaidi, uliza kama kitendakazi kipo wakati wa kuandaa ujenzi, usiulize namba.

23. Maonyo ya vitendakazi vilivyopitwa yamejaa skrini. Tuyazime?

Kwa mistari ya kawaida, `-DOPENSSL_API_COMPAT=0x10101000L` inayanyamazisha. Kisha ongeza mstari mmoja unaokompaili dhidi ya OpenSSL iliyojengwa kwa `no-deprecated`. Huo utagoma palepale mtu akirudisha `SHA256_Init` au `RSA_new`. Kelele zisizosomwa hazimsaidii mtu.

24. Majaribio yamegoma usiku na hakuna aliyegusa msimbo.

Angalia mawili. Cheti cha majaribio kimeisha muda: mtu alikitengeneza cha siku 365 mwaka jana. Weka saa ya uhakiki iwe ya kudumu kwa `X509_VERIFY_PARAM_set_time`, au tengeneza cheti kipya kila jaribio. La pili, jina la picha limehamia toleo jingine. `ubuntu:latest` na `debian:stable` huhama bila hodi. Andika namba.

25. Tangazo la dharura la OpenSSL likitoka, jedwali linatusaidia nini?

Linakwambia nani umpigie kwanza. Tarehe 1 Novemba 2022 ilitoka 3.0.7 kuziba tundu la CVE-2022-3602, iliyohusu 3.0.0 hadi 3.0.6. Waliokuwa 1.1.1 haikuwagusa. Mwenye orodha ya swali la 5 alijua ndani ya dakika tano ni seva zipi. Asiye nayo alipiga simu kuanzia Tunduma hadi Ludewa.

Utaratibu ni huu: soma matawi yanayotajwa, linganisha na orodha, subiri kifurushi cha mfumo endeshi badala ya kukompaili mwenyewe, endesha mstari husika wa jedwali dhidi ya kifurushi hicho, kisha sasisha. Baada ya hapo anzisha upya huduma zote, maana programu inayoendelea kukimbia bado imeshika maktaba ya zamani kwenye kumbukumbu. `lsof | grep -E 'lib(ssl|crypto).*DEL|DEL.*lib(ssl|crypto)'` itakuonyesha zilizobaki. Na kumbuka zile zilizoshonewa ndani, za swali la 10: hizo `apt` haizijui.